Kaskazini Inaishia Wapi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kanda za Tanzania

Mtanzania akijitambulisha mbali na kwao, mara nyingi mkoa peke yake haumtoshi. Atasema "mimi wa Kanda ya Ziwa", "sisi watu wa Kusini", "natokea Nyanda za Juu". Mkielewana hapo, mazungumzo yanaendelea. Ukimwomba akuoneshe kanda yake inaishia wapi, hapo ndipo ubishi unapoanza, na chai inapoa mezani. Maswali haya nimeyaokota ndani ya mabasi, kwenye vikao vya harusi, bwenini enzi za chuo na kwa mama ntilie. Majibu ni yangu. Nimezaliwa Nzega, mji ambao nao haujui uko kanda gani, kwa hiyo ukiona naegemea upande fulani, sababu ndiyo hiyo.

Rasmi, Tanzania ina kanda ngapi?

Inategemea unamuuliza nani. Mikoa iko 31: 26 ya Bara na 5 ya Zanzibar. Hiyo ina mipaka ya kisheria, ina wakuu wa mikoa, ina mabango barabarani ya "Karibu" na "Kwaheri". Kanda haina bango. Hakuna mkuu wa kanda anayekula kiapo, hakuna makao makuu ya kanda, na ukihama kutoka kanda moja kwenda nyingine huagi popote. Kila taasisi inajikatia vipande kwa kadiri ya kazi zake, na wananchi nao wanakata vyao.

Midomoni mwa watu wa Bara utasikia saba: Kaskazini, Kanda ya Ziwa, Magharibi, Kati, Nyanda za Juu Kusini, Kusini na Pwani. Mikoa mingi haina kesi. Hakuna atakayekubishia kwamba Mwanza ni Ziwa, Mtwara ni Kusini, Singida ni Kati au Njombe ni Nyanda za Juu. Kesi ziko kwenye mikoa mitano: Tanga, Manyara, Morogoro, Ruvuma na Katavi.

Wala usidhani ni ubishi wa vijiweni tu. Weka taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kando ya ripoti za tafiti za afya za Ofisi ya Taifa ya Takwimu, uone. Wa hali ya hewa wanaiweka Manyara pamoja na Arusha na Kilimanjaro. Wa takwimu wanaipeleka Kati, na Dodoma na Singida. Tanga kwa hali ya hewa ni pwani ya kaskazini, kundi moja na Dar es Salaam na visiwa. Kwa takwimu ni Kaskazini, na Arusha na Kilimanjaro. Morogoro wa hali ya hewa wanaipasua vipande viwili. Wa takwimu wanaimeza nzima na kuiita Mashariki. Katavi kwa mvua ni magharibi, kwa takwimu ni nyanda za juu kusini magharibi. Ruvuma kwa mvua inasimama peke yake, kwa takwimu iko na Iringa na Njombe. Ofisi mbili za serikali ileile zinagongana palepale wanapogongana dereva wa lori na utingo wake.

Majina haya yalitoka wapi?

Mengi ni mabaki ya majimbo ya wakati wa Mwingereza. Kabla ya uhuru Tanganyika iligawanywa katika majimbo, na majina yake utayatambua mara moja: Jimbo la Kaskazini lenye makao Arusha, Jimbo la Ziwa la Mwanza, la Magharibi la Tabora, la Kati la Dodoma, la Nyanda za Juu Kusini, la Kusini ambalo makao yake yalikuwa Lindi na baadaye Mtwara, la Mashariki, na la Tanga ambalo halikuitwa kwa upande wa dunia bali kwa jina la mji wake. Baada ya uhuru majimbo yakavunjwa ikaja mikoa, na mikoa nayo imekuwa ikizaa mikoa. Manyara ilitoka Arusha mwaka 2002. Geita, Katavi, Njombe na Simiyu zilianza 2012, na Songwe ikachomoka Mbeya mwaka 2016.

Majimbo yamekufa lakini majina yamebaki kwenye ulimi. Vijana waliozaliwa miaka arobaini baada ya majimbo kufutwa bado wanasema "Kanda ya Kati" bila kujua wanamrithi nani. Jina moja tu ndilo lililopotea kabisa: Mashariki. Sijawahi kukutana na mtu akasema "mimi natokea Kanda ya Mashariki". Utalikuta kwenye ripoti, basi.

Bukoba iko juu zaidi kwenye ramani kuliko Arusha. Mbona Arusha ndiyo Kaskazini?

Swali zuri, na wanafunzi wa jiografia hulipenda. Bukoba iko kiasi cha digrii 1.3 kusini mwa Ikweta, Musoma 1.5, Mwanza 2.5. Arusha iko 3.4. Kwa dira, watu wa Kaskazini halisi ni Wahaya na Wakurya. Lakini kanda haifuati dira, inafuata historia niliyoitaja pamoja na barabara: ukitoka Dar kwenda Arusha unahisi unapanda kaskazini, ukienda Mwanza kwa basi unakata katikati ya nchi, Dodoma, Singida, ndipo unafika ziwani.

Neno lenyewe ni la pwani. Kaskazi ni upepo unaowavumia mabaharia toka kaskazini miezi ya Desemba hadi Machi, na kusi ni ule unaokuja baadaye toka upande wa pili. Kaskazini ni kule unakotoka kaskazi. Mtu wa Sengerema hana habari na pepo hizo. Kwake yeye yapo maneno mengine kabisa: kaskazini ni *sukuma*, kusini ni *dakama*. Wasukuma walipata jina hilo kwa kuwa wako kaskazini mwa Wanyamwezi. Kwa hiyo kabila kubwa kuliko yote nchini linaitwa, kwa lugha yake, watu wa kaskazini, na hakuna hata mmoja wao anayehesabiwa kuwa mtu wa Kaskazini. Shangazi yangu hadi leo hatumii neno kanda; akisema mtu "kaenda Sukuma" anamaanisha kavuka kwenda upande wa Shinyanga na Mwanza.

Kama unataka kipimo cha mtaani cha Kaskazini, subiri Desemba. Wiki mbili kabla ya Krismasi, Dar nzima inatania kwamba Wachaga wanakwenda "kuhesabiwa". Nauli inapaa, viti vinaisha, magari madogo yanapishana na mabasi kuanzia Chalinze. Mpaka wa utani huo ndio mpaka wa Kaskazini midomoni mwa watu. Hakuna anayesema Msambaa wa Lushoto anakwenda kuhesabiwa, ingawa anapita njia ileile.

Kigoma ina ziwa. Mbona haimo Kanda ya Ziwa?

Kwa sababu "Ziwa" hapa ni moja tu, Victoria. Tanganyika ni refu na lina kina kuliko lote la Afrika, Nyasa nalo ni ziwa, lakini mtu akisema Kanda ya Ziwa bila kuongeza neno hakuna anayefikiria Kigoma wala Kyela. Kigoma ni Magharibi. Wengine wanasema tu "mwisho wa reli", maana Reli ya Kati iliishia hapo mwaka 1914.

Kinyume chake, Shinyanga haigusi Ziwa Victoria hata kwa ncha, na ni Kanda ya Ziwa bila swali. Simiyu inaligusa kwa kipande cha Busega tu, pale Lamadi. Ngara, mkoani Kagera, iko kwenye vilima vinavyotazamana na Burundi na Rwanda, mbali na maji. Nayo inaitwa Ziwa kwa kuwa Kagera ni Ziwa. Kagera yenyewe ilikuwa ikiitwa Mkoa wa Ziwa Magharibi, hadi vita na Uganda vilipoisha ndipo jina likabadilishwa.

Kinachoishikilia kanda hii si maji, ni Mwanza. Mgonjwa aliyeshindikana wilayani anaambiwa "apelekwe Bugando", na familia nzima inajua ni Mwanza. Mzigo wa duka unatoka Mwanza, samaki wanakatwa minofu Mwanza. Hata hivyo kanda ni kubwa mno, na wenye kazi ya kuizunguka wameona. CHADEMA, kwa mfano, wameikata mara mbili kwenye mpangilio wao wa chama, Kanda ya Victoria na Kanda ya Serengeti. Sasa kuna pia hospitali ya rufaa ya kanda Chato, na kwa watu wa Geita na Biharamulo hilo neno "Bugando" huenda likaanza kusikika kidogo kidogo.

Upande wa kaskazini mwa Kigoma kuna mshangao mdogo. Utabiri wa mvua za vuli unazitaja Kakonko na Kibondo pamoja na mikoa ya Ziwa Victoria, kwa sababu zinapata mvua mara mbili kwa mwaka kama Kagera, tofauti na sehemu kubwa ya Magharibi inayopata msimu mmoja tu kuanzia Novemba hadi Aprili. Mkulima wa Kakonko anaishi Magharibi na analima kwa kalenda ya Ziwa.

Na Serengeti iko Kaskazini au Ziwa?

Kwa mtalii, Kaskazini. Anashukia uwanja wa KIA, analala Arusha, anapita Ngorongoro, anaingia hifadhini. Kwa mwenyeji, sehemu kubwa ya hifadhi iko Mara na kipande kiko Simiyu, ambako ni Kanda ya Ziwa tupu. Watu wa Mugumu wanachukia kidogo wakisikia inauzwa kama mali ya Arusha. Nawaelewa.

Tanga ni Kaskazini au Pwani?

Tanga mjini ni Pwani. Mtu anayekubishia hajawahi kukaa barazani Ngamiani jioni. Lugha ni ya pwani, upishi ni wa nazi, na Mdigo wa Tanga ana ndugu wengi zaidi ng'ambo ya mpaka kule Kwale nchini Kenya kuliko alivyo na ndugu Moshi. Pangani vilevile.

Lakini mkoa wa Tanga una milima. Ukifika Mombo ukakunja kulia kupanda Lushoto, baada ya kona kama kumi hivi madirisha ya basi yanafungwa, wanapita watoto wenye masweta na ndoo za plamu. Hapo ukisema "karibu Pwani" watakucheka. Handeni na Kilindi, kwa Wazigua, si mlima si bahari. Ni nyika, na maisha yanaelekea Chalinze na Dar.

Sababu ya Tanga kuhesabiwa Kaskazini ni njia. Reli ya Wajerumani ilianzia bandari ya Tanga na kufika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na kahawa na katani vilishuka nayo. Barabara ya leo inafuata mkondo uleule: Segera, Korogwe, Mombo, Mkomazi, halafu Hedaru na Same. Mimi mpaka naukata hapo, baada ya Mkomazi. Tangawizi na vitunguu vinabadilika majina ya wauzaji, Wapare wanaanza, na abiria wa Arusha wanaanza kupiga simu nyumbani kusema "tumeshafika huku kwetu", ingawa bado wana saa kadhaa.

Manyara je? Ilitoka Arusha, si ni Kaskazini?

Mirerani ni Kaskazini. Iko karibu na KIA, tanzanite yake kwa miaka mingi iliuzwa Arusha, na wachimbaji wengi wanalala upande wa Arusha na Moshi. Babati pia wengi wanaikubali kuwa Kaskazini, japo ukiteremka barabara ya Kondoa unawakuta Warangi pande zote mbili za mpaka wa mkoa, na hawaoni wamevuka kitu.

Kiteto ndiyo inayoharibu hesabu. Makao yake ni Kibaya, na ukiwa Kibaya huelekei Arusha. Mahindi ya Kiteto yanapakiwa kwenye malori yanayoelekea soko la nafaka la Kibaigwa, wilayani Kongwa, mkoani Dodoma. Nimewahi kupata lifti kwenye lori la namna hiyo. Dereva alipoulizwa na askari anatoka wapi alijibu "Dodoma", na alikuwa bado hajavuka mpaka wa mkoa. Kwake Dodoma ilishaanza shambani. Waliochora Manyara kama Kanda ya Kati walikuwa na Kiteto kichwani, na waliochora Kaskazini walikuwa na Mirerani. Wote wamesema kweli kwa nusu mkoa.

Morogoro ni kanda gani?

Tatu. Morogoro mjini, Mvomero na Turiani ni mashariki au Pwani ya ndani, na tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024 mji umekuwa kama kitongoji cha Dar, chini ya saa mbili kwa treni. Gairo ni Kati: upepo mkavu, vumbi, na ukifumba macho hujui kama umeshaingia Dodoma. Kilombero, Ulanga na Malinyi zinatazama kusini magharibi. Ndiko wa hali ya hewa wanakoiweka kusini ya Morogoro, pamoja na Iringa na Mbeya. Reli ya TAZARA inapita Ifakara na Mlimba ikielekea Makambako, na mchele wa bonde unasafiri pande zote.

Mluguru ukimuuliza atakwambia Morogoro ni Morogoro. Jibu zuri kuliko langu.

Nyanda za Juu Kusini zinaanzia wapi hasa?

Hapa hakuna ubishi mkubwa, na ndiyo sababu napenda kulijibu. Zinaanzia juu ya Kitonga.

Ukitoka Mikumi unashuka kwenye bonde la mibuyu, joto limekaa kwenye viti, na gari linasimama Ruaha Mbuyuni. Wauzaji wanakimbilia madirishani na vitunguu kwenye vyandarua vyekundu. Kwa karatasi tayari uko mkoa wa Iringa, wilaya ya Kilolo, maana umeshavuka daraja la Mto Ruaha Mkuu. Kwa ngozi yako bado uko bondeni. Kisha mlima unaanza. Basi linaunguruma kwa gia ndogo, malori ya Zambia na Kongo yanatambaa mbele, ukiangalia chini upande wa korongo unaona njia uliyopita imejikunja kama mshipi. Abiria wanaacha kuongea. Mara kelele za injini zinapungua, upepo unaingia mwingine, na mama aliyekaa kiti cha mbele anafungua begi na kutoa sweta la mtoto. Hakuna aliyemwambia. Hilo sweta ndilo bango la kanda.

Baada ya hapo dalili zinafuatana: nyanya za Ilula, salamu ya "kamwene", ulanzi kwenye madumu pembeni mwa barabara ukifika msimu wake, na misitu ya miti ya mbao kuelekea Mafinga.

Tatizo la kanda hii ni kwamba si yote iko juu. Kyela, kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa, ina mita kama 500 tu kutoka usawa wa bahari. Ni joto, mchele na kakao. Usangu nako, kule Mbarali, ni tambarare ya mpunga. Lakini Kyela inapanda Tukuyu kwenda Mbeya kwa hospitali, soko na chuo, kwa hiyo inabebwa na Mbeya. CHADEMA wakaita upande huo Kanda ya Nyasa, na mimi jina hilo naliona lina akili: linamtendea haki mtu wa Kyela.

Ruvuma ni Kusini au Nyanda za Juu?

Hili ndilo swali lenye moto kuliko yote, na sababu ni kwamba kila upande una cheti. Zamani Songea ilikuwa ndani ya Jimbo la Kusini, pamoja na Lindi na Mtwara. Baadaye, serikali ilipohesabu mikoa minne mikubwa ya mahindi, Ruvuma iliwekwa na Iringa, Mbeya na Rukwa, na tangu hapo mtu wa Songea anajiona wa ghala la taifa.

Mpaka halisi unapita ndani ya mkoa. Mbinga ni milima: Wamatengo wanalima kahawa na mashimo yao ya ngoro kwenye miteremko, baridi ya Juni inauma. Songea mjini barabara kuu inaelekea Njombe na Makambako, na ukitaka Dar unapitia huko. Ukigeuka mashariki unapita Namtumbo na tumbaku yake, nchi inashuka, na Tunduru uko kwenye mikorosho. Mikorosho haidanganyi. Tunduru ni Wayao, ndugu zao wako Masasi, mnada wa korosho unafuatwa kwa masikio yaleyale ya Mtwara, na mgonjwa anaweza kuelekezwa Ndanda kama anavyoweza kuelekezwa Peramiho.

Rafiki yangu ana baba wa Mbinga na mama wa Tunduru. Nyumbani kwao ukisema "sisi watu wa Kusini", baba ananyamaza na mama anaitikia.

Kusini yenyewe inaanzia wapi ukitoka Dar?

Rufiji. Sisemi wilaya, nasema mto. Hadi mwaka 2003, Daraja la Mkapa lilipofunguliwa, gari la Lindi lilisubiri kivuko pale Ndundu, na masika yakichachamaa barabara ilikatika kabisa. Wasafiri walikwama siku kadhaa au walipanda meli. Wazee wa Mtwara wanaoishi Temeke bado wanasimulia walivyolala ukingoni na mizigo, wakipika uji. Mto ulikuwa mpaka kwa sababu ulikuzuia.

Sasa daraja, karibu kilomita moja, unalivuka kabla hujamaliza soda. Upande wa pili bado ni mkoa wa Pwani, Nyamwage na Muhoro, lakini kondakta hajali. Kwake ng'ambo ya mto ni Kusini. Wanaofuata mkoa wanasubiri Somanga. Wakali zaidi wanasema Kusini ni Nangurukuru, njia panda ya Kilwa Masoko. Wamatumbi wanakaa pande zote za mpaka wa mkoa vilimani, na hao sijawahi kuwasikia wakibishana.

Rukwa na Katavi zilikuwa mkoa mmoja. Kwa nini leo watu wanaziweka kanda tofauti?

Kwa sababu ya reli na barabara. Mpanda ilipata tawi la reli toka Kaliua, lililojengwa kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, kwa hiyo njia yake ya zamani ni Tabora. Sumbawanga inapitia Tunduma kwenda Mbeya. Watu wa Mpanda wanasema Magharibi, Wafipa wanasema Nyanda za Juu, na kuachana kwao mwaka 2012 hakukumliza mtu.

Nimekaa Dar miaka yote. Kwetu ni kanda gani?

Dar ina kanda mbili tu: Dar na mkoani. "Kaenda mkoa" inaweza kuwa Kibaha, inaweza kuwa Bukoba. Mpaka unahama na stendi. Wakati mabasi yalikuwa Ubungo, mkoani kulianzia Kimara. Tangu stendi ihamie Mbezi mwaka 2021, Kimara imekuwa mjini kabisa na watu wa Kibamba wanaanza kulalamika wakiitwa wa mkoa. Kwa ramani, ukielekea Morogoro mpaka uko Kiluvya, ukielekea Bagamoyo uko kati ya Bunju na Mapinga, na Kusini unavukia Vikindu. Polisi nao wanaiita Kanda Maalum, jina ambalo wakazi wa Dar walijiona wanalistahili tangu zamani.

Zanzibar wanaionaje hii mipaka?

Hawaioni. Kwa Mzanzibari ng'ambo ya maji yote ni Bara, hata Tanga na Bagamoyo ambazo kwa mtu wa Dodoma ndiyo Pwani yenyewe. Kwao mpaka wa maana ni Unguja na Pemba, na ndani ya Unguja ni mjini na shamba. "Kaenda shamba" inaweza kuwa Makunduchi au Nungwi, kama vile Dar wanavyosema mkoani.

Nikijaza fomu inayouliza kanda, niandike nini?

Tazama nani ametoa fomu, uandike ya kwake. Ukiwa na mashaka andika mkoa. Hakuna aliyewahi kurudishwa dirishani kwa kuandika mkoa.

Na wewe wa Nzega, ni Magharibi au Ziwa?

Nzega iko mkoa wa Tabora, na Tabora ni Magharibi. Karatasi imekwisha. Sasa toka nje. Basi la Dar likishateremka Sekenke, likapita Shelui na kukata mbuga ya Wembere, linaingia Igunga na watu wanaanza kusalimiana "mwangaluka" hadi Mwanza. Shinyanga mjini ni karibu zaidi na sisi kuliko Tabora mjini. Mafundi wetu wananunua vifaa Kahama. Baba alipougua hatukujadili. Tulimpakia tukapita Tinde, tukakunja kulia, Bugando. Wazee wanasema Ziwa linaanzia hapo Tinde, ambapo gari la Rwanda linakwenda kushoto na la Mwanza kulia. Mimi nasema linaanzia Igunga, na najua watu wa Tabora hawatalipenda jibu hilo.

Chuoni palikuwa na makundi ya WhatsApp ya kila kanda kwa ajili ya misiba na sherehe. Nikaongezwa la Magharibi na mtu wa Urambo, na la Kanda ya Ziwa na mtu wa Kahama, siku moja. Mwaka ule nilichangia misiba minne na kuagwa mara mbili kwa mahafali yaleyale. Makundi yote mawili bado yapo kwenye simu yangu, na mwezi uliopita yote mawili yalitangaza msiba wa mtu mmoja, wa Bukene.